Chuo kitueleze: sahihi za watu wa Amu zinakwenda wapi?

Ndugu zangu, leo nimepandwa na hasira na sitaficha. Kuna chuo kikuu (jina naliacha, waliokuwako wanakijua) kimekuja kisiwani kwetu Amu (Lamu) kufanya "mazungumzo ya jamii" kuhusu bandari na maisha ya wavuvi. Uwanja wa Mkunguni uko wazi, mabaraza yamejaa watu kutoka mtaa wa Mkomani hadi Langoni, wao wakachagua ukumbi wa hoteli. Tena asubuhi ya maji mafu (bahari haijai wala haikupwi sana), siku ambazo wazamiaji wa kamba-koche hawakai nchi kavu. Kisha unasikia wanalalamika eti wavuvi hawajitokezi!

Mada zote Kiingereza. Mhadhiri akapitisha slaidi mbio mbio, akafika kwenye fidia ya hasara ya bandari: wavuvi "walipewa" shilingi bilioni 1.76. Walipewa, kama sadaka ya Ijumaa! Kesi ilifunguliwa 2012, Mahakama Kuu ikatoa hukumu 2018. Miaka sita ya watu kuhangaika na mawakili haikupata hata mstari mmoja. Mzee mmoja wa Matondoni akanyoosha mkono, akaambiwa maswali ni mwisho. Mwisho ulipofika, sahani za pilau zilikuwa zishaanza kugongana huko nyuma.

Lakini kilichonitoa roho hasa ni ile karatasi mlangoni. Jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Bila kutia sahihi, hupati nauli ya boti. Yule mzee akamuuliza binti aliyekuwa na kalamu, "Mwanangu, natia sahihi ya kukubali nini?" Binti akamjibu kwa adabu, "Ni mahudhurio tu, mzee wangu." Mzee akaigeuza karatasi. Kichwa cha juu kilikuwa Kiingereza, naye hakisomi. Binti simlaumu, ametumwa.

"Mahudhurio tu" tunayajua sisi. Kwenye ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, mikutano ya kuutambulisha ilitolewa kama ushahidi kwamba wananchi wameshirikishwa. Leseni ya mazingira ilitoka 2016. Ikabidi watu waende kwenye Baraza la Taifa la Mazingira la kusikiliza rufaa, na Juni 2019 baraza hilo likaifuta leseni: mikutano ya utangulizi haitoshi, wananchi walitakiwa waelezwe matokeo ya utafiti wenyewe na madhara yake, ndipo waseme. Kesi hii wanasheria wa vyuo wanaisomesha darasani! Halafu wanakuja Amu kufanya yale yale.

Sipingi chuo kuja. Waje. Vijana wetu wamefundishwa humo, na utafiti wa mikoko na samaki tunauhitaji. Ila waje alasiri, wakae barazani, waseme Kiswahili, na ripoti ikitoka iletwe huku kabla haijapelekwa Nairobi. Kibonzo cha samaki kwenye fulana ya bure hakinisaidii kitu.

Sasa naomba jambo moja. Aliyepiga picha ile karatasi ya mlangoni aiweke hapa, afunike majina na nambari za watu. Nataka kile kichwa cha juu tu. Na kama kuna mtu wa chuo anapita humu, ajibu wazi: orodha ile amepewa nani, na kwa kazi gani?