Kompyuta ya kwanza ilikuwa ya rilei. Kwa nini watoto wetu bado wanaanzia ENIAC?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Wiki iliyopita binti yangu wa kidato cha pili alinipa daftari lake la kompyuta nimsikilize akijiandaa na mtihani. Akatiririka bila kukwama: Babbage ndiye baba wa kompyuta, halafu kizazi cha kwanza ni cha valvu (zile taa za kioo za redio za zamani), mashine inaitwa ENIAC, Marekani, 1946. Nikamuuliza, Babbage alifariki 1871, sasa hiyo miaka yote watu walikuwa wamelala? Akanijibu, "Baba, hapo katikati hakuna kitu kwenye notsi."

Hapo katikati pana rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Na mimi nasimama kwenye hoja hii: kompyuta ya kwanza duniani iliyofanya kazi kwa kufuata programu ni Z3 ya mhandisi Mjerumani Konrad Zuse, iliyoonyeshwa kwa kundi dogo la wanasayansi mjini Berlin tarehe 12 Mei 1941. Karibuni mnipinge, ila kwanza nieleze ninavyoiona.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Ukiwasha taa kubwa ukasikia "tak" kwenye boksi la fyuzi, hiyo ni rilei. Ndani mna koili ya waya mwembamba. Umeme mdogo ukipita, koili inakuwa sumaku, inavuta kiulimi cha chuma, pointi zinagusana, umeme mkubwa unapita. Ukikata, springi inarudisha kiulimi mahali pake.

Sasa chukueni rilei mbili za pini tano. Mbili ni za koili; pini 30 ndiyo ya kiulimi: koili ikiwa haina umeme inagusana na 87a, ikipata umeme inahamia 87. Pini 30 ya rilei ya kwanza ipeni moto wa betri. Unganisheni 87a ya kwanza na 87 ya pili, kisha 87 ya kwanza na 87a ya pili. Balbu ifungeni kati ya pini 30 ya rilei ya pili na hasi. Kila koili iwe na swichi yake. Bonyeza swichi moja, yoyote ile, balbu inawaka. Bonyeza zote mbili, inazima. Ni akili ileile ya taa ya ngazi yenye swichi chini na juu. Lakini itazameni kihesabu: 0 na 1 ni 1; 1 na 0 ni 1; 1 na 1 inaandikwa 0, halafu ile 1 ya kubeba inashughulikiwa na rilei za pembeni. Jumamosi niliifunga juu ya benchi la gereji na binti yangu akabonyeza mwenyewe. Alibonyeza zaidi ya mara ishirini.

George Stibitz wa maabara za Bell, za kampuni ya simu ya Marekani, alifanya jambo la namna hiyo mwaka 1937, juu ya meza ya jikoni kwake: rilei za simu, balbu za tochi, betri, na vipande vya bati alivyokata kwenye kopo la tumbaku kuwa swichi. Mwaka huohuo kijana Claude Shannon, mwanafunzi wa chuo cha MIT cha Marekani, aliandika tasnifu iliyoonyesha kwamba saketi za rilei zinafuata aljebra ya kweli na si kweli aliyoiandika George Boole karne ya 19. Japani nako mhandisi Akira Nakashima wa kampuni ya NEC alikuwa akichapisha kazi za aina hiyo miaka hiyohiyo ya 1930. Watu wa nchi tofauti wakiangalia kifaa kimoja cha mitambo ya simu na kuona hesabu ndani yake! Hilo ndilo tunalowanyima watoto.

Z3 ilikuwa na rilei zaidi ya 2,000. Ilitunza namba 64, kila moja ya tarakimu 22 za 0 na 1. Kujumlisha ilichukua chini ya sekunde moja, kuzidisha kama sekunde tatu. Amri zake zilitobolewa kwenye utepe wa filamu ya sinema, mashine ikawa inasoma tundu baada ya tundu na kutenda bila mtu kuigusa. Kama hiyo si kompyuta, niambieni kompyuta ni nini.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeeleza vizuri na hiyo saketi nitaifunga. Ila kwenye hitimisho tunaachana.

Mimi naandika programu kwa ajili ya mkate wangu wa kila siku. Kitu cha kwanza ninachomfundisha kijana anayeanza ni "kama hivi, fanya vile, la sivyo, fanya hivi". Z3 haikuwa na amri hiyo. Ilisoma utepe kutoka mwanzo hadi mwisho, haikuweza kutazama jibu lililopatikana ikaamua kuruka sehemu. Unaweza kugundisha ncha mbili za utepe ukapata mzunguko, lakini nani atauambia usimame au ubadili njia? Kwangu hiyo ni mashine ya hesabu yenye utepe mrefu, tena nzuri sana. Kompyuta ni ile inayoamua.

Halafu kuna kasi. Rilei ni chuma kinachosogea. Z3 ilikwenda mapigo kama matano kwa sekunde. ENIAC, kwa valvu zake karibu 18,000, ilijumlisha mara 5,000 kwa sekunde. Kasi ikizidi kiasi hicho, kinakuwa kitu kingine kabisa. Wenye mitaala hawakukosea kuanzia pale.

Mchangiaji wa pili

Hodi jamani. Ndugu yangu hapo juu, ukishika rula hiyo basi pima nayo wote. Harvard Mark I ya mwaka 1944, ile ya Howard Aiken na IBM yenye urefu wa zaidi ya mita 15, nayo ilianza kazi bila kuruka kwa sharti, yaani hiyo "kama hivi, fanya vile" yako, na vitabu vinaiita kompyuta bila kusita. ENIAC ilikuwa na sharti, sawa, lakini mwanzoni kuibadilishia kazi kulimaanisha kuchomoa na kuchomeka nyaya na kugeuza swichi kwa siku kadhaa. Programu haikukaa kwenye kumbukumbu ya mashine. Mashine ya kwanza kuendesha programu iliyo ndani ya kumbukumbu yake ya kielektroniki ni ile ndogo ya Manchester, Uingereza, tarehe 21 Juni 1948. Kwa hiyo anayeipinga Z3 kwa kukosa jambo moja, ENIAC nayo inakosa jingine, na utepe wa Zuse ulibadilishwa kwa dakika.

Tena mwaka 1998 mtaalamu wa kompyuta Raúl Rojas alionyesha kwamba Z3, kwa ujanja wa kukokotoa njia zote mbili na kufuta ile isiyotakiwa, kinadharia ingeweza kufanya lolote ambalo kompyuta ya leo inafanya. Nakiri hakuna aliyeitumia hivyo, na ingekuwa mateso.

Mchangiaji wa tatu

Kaka zangu, nawasoma tangu jioni na hakuna aliyetaja vita. Zuse alikuwa mhandisi katika kiwanda cha ndege cha Henschel. Utafiti wa anga wa serikali ya Kinazi ulichangia fedha za Z3. Mashine yake nyingine ya rilei, S1, ilikokotoa marekebisho ya mabawa ya mabomu ya kuruka, na mabomu hayo yaliua watu. Mimi sipingi kwamba alikuwa wa kwanza. Ninapinga kumsimulia mtoto habari za meza ya jikoni na utepe wa sinema, halafu tukanyamaza pale pa damu. Na mniwie radhi, hilo linawahusu Wamarekani pia: ENIAC ililipiwa na jeshi, kwa ajili ya majedwali ya mizinga.

Mleta mada

Dada, nashukuru kwa dhati. Sikuligusa na nilipaswa kuligusa. Z3 yenyewe iliteketea kwa mabomu mwaka 1943, na iliyopo kwenye jumba la makumbusho la Munich ni nakala iliyojengwa miaka ya 1960. Binti yangu nitamweleza yote mawili, mashine ilivyofanya kazi na ilivyolipiwa.

Kwa ndugu wa programu: kwenye sharti umenibana. Nimelifikiria usiku kucha na ninarekebisha kauli yangu. Z3 ni kompyuta ya kwanza *iliyofuata programu yenyewe*, bila lile neno "kuamua". Z4 iliyoifuata, nayo ya rilei, ilipokodishwa na chuo cha ETH cha Zürich mwaka 1950, wataalamu wa huko walitaka iongezewe kuruka kwa sharti, na ikaongezewa. Ikawatumikia hadi 1955. Maana yake chuma kinachosogea kiliweza kuamua. Hakikuhitaji kusubiri valvu. Kwenye kasi sibishani nawe. Lakini gari la kwanza lilikuwa gari hata kama lilipitwa na farasi.

Na kwa wanaoamini mahakama ziamue: zimeshajaribu. Ujerumani ilimnyima Zuse hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, mwaka 1967, ikisema uvumbuzi haukufikia kiwango. Marekani nako, mwaka 1973, Jaji Earl Larson alibatilisha hataza ya ENIAC na kusema wazo lilitoka kwa John Atanasoff, mwanafizikia aliyetengeneza mashine ya hesabu ya valvu kabla yake. Hati zote mbili zilikataliwa, na daftari la mwanangu halitaji hata moja.

Ninachodai si kuifuta ENIAC. Nataka ukurasa mmoja kabla yake, wenye mchoro wa koili, kiulimi na springi, na rilei mbili za pini tano ambazo mwanafunzi anaweza kuzifunga mwenyewe.

Nimeshaanza hatua inayofuata, kujumlisha namba za tarakimu nne. Tatizo ni kwamba rilei ya gari ina seti moja tu ya pointi, hivyo kila tarakimu inanila rilei nyingi. Zile za mitambo ya simu ya zamani zina seti kadhaa kwenye koili moja. Mwenye kujua fundi au stoo ambako zimebaki, hata zenye kutu, naomba aandike hapa.