Naomba ushauri: nani hasa ni wa tabaka la wafanyakazi?

Ndugu zangu, nimeombwa kuongoza mjadala wa chama chetu cha wafanyakazi kuhusu matabaka, nami nimekwama mapema kuliko nilivyotarajia. Kwa mwanafalsafa Mjerumani Karl Marx, tabaka halipimwi kwa mavazi wala kisomo, bali kwa swali la nani anamiliki nyenzo za uzalishaji mali na nani hana cha kuuza isipokuwa nguvu kazi yake. Mwanasosholojia Max Weber naye aliongeza suala la hadhi, yaani heshima ambayo mtu hupewa na jamii. Hapo ndipo penye utata. Mwenzangu wa uhasibu, ambaye mkataba wake hukwisha kila baada ya miezi 6, alishika kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwake akaniambia, "Mimi ni afisa, makabwela ni hao wengine." (Sikumjibu, ingawa niliumia kidogo.) Yupo pia dereva anayemiliki pikipiki yake mwenyewe, lakini nauli hupangiwa na programu ya simu asiyoweza kubishana nayo: je, huyu ni mwenye mali au kibarua? Naomba mnishauri kama nianze na umiliki, au na namna watu wanavyojitambua, bila kumdhalilisha yeyote ukumbini.