MREJESHO: yule wa vidonge vya kutoa mimba, Arusha

Wadau habari zenu, mimi ndo yule wa Kijenge niliyeuliza wiki tatu zilizopita, nimepitiliza siku zangu, kipimo cha mkojo mistari miwili, na shoga yangu kashaniletea vidonge nimeze usiku uleule. Wengi mkasema usimeze kitu kabla hujapiga utrasaundi. Nilinuna, niliona mnanichelewesha tu.

Basi nikaenda, na yule aliyeniambia nisidharau maumivu ya upande mmoja na vile vitone vya damu Mungu ambariki sana, maana mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija wa kushoto. Daktari akasema vile vidonge vinabana mfuko wa uzazi, ya kwenye mrija haviitoi, ningeona damu nikadhani ndo inatoka kumbe mrija unapasukia ndani. Nikafanyiwa opareshini siku hiyohiyo, mrija mmoja umetolewa. Ipo sindano badala ya opareshini ikiwahiwa mapema ila mimi nilishakaa siku tano nakunywa Panadol, hapo kosa langu.

Ushauri wa kumwambia mwenzangu haukusaidia, kazima simu mpaka leo. Dada ndo kaniuguza.

Na yule aliyeuliza, kashameza vidonge na anaogopa kwenda hospitali: sheria yetu ni kali kweli, ila huduma ya mimba iliyoharibika hospitali wanatoa. Ukijaza pedi mbili kwa saa, masaa mawili mfululizo, au homa, usisubiri asubuhi.

Asanteni jamani. Jumanne natolewa nyuzi za opareshini.