Kuitoa draiva ya kadi ya michoro kumekomesha kuganda, ila mashine imekuwa nzito. Kibovu ni kipi?

MchoraRamani
Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu. Mashine yangu ni ya mezani, Windows 10, na kadi ya michoro ni ya kuchomeka, si ile inayokuja ndani ya prosesa. Kazi yangu ni michoro ya majengo ya 3D. Tangu nisasishe draiva (programu inayoiendesha kadi), nikianza kuzungusha jengo kubwa skrini inazima ghafla huku feni zikiendelea kuvuma, kisha picha inarudi na kukuta programu imejifunga. Siku ikiwa mbaya zaidi inakuja skrini ya bluu yenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE.

Jamaa mmoja akaitoa draiva, akasema Windows itajitafutia ya kwake. Kweli kuganda kumekoma. Lakini sasa video zinakatakata, kupandisha na kushusha ukurasa kwenye kivinjari ni mateso, na skrini ya pili haionekani kabisa. Yeye anadai tumeshapata jibu, draiva mpya ni mbovu. Mwingine anasema kadi imekufa, ninunue nyingine. Nimsikilize nani?

KasiZaidi
Futa Windows uweke upya. Mimi hata sihangaiki kutafuta chanzo.

FundiKimya
Usifute kitu, mkuu. Utapoteza kumbukumbu zote za hitilafu, halafu utaishia kuweka draiva ileile.

Nianze na uzito. Fungua Device Manager, sehemu ya Display adapters. Naamini utakuta Microsoft Basic Display Adapter. Hiyo ni draiva ya dharura, kazi yake ni kukuonyesha picha tu. Kadi yako imelala. Kila dirisha na kila fremu ya video inachorwa na prosesa, na skrini ya pili haihudumiwi. Uzito huo utaondoka ukishaweka draiva kamili, kwa hiyo usiuhesabu kama ugonjwa.

Kuganda ndiko kwenye kazi. Tangu Vista, Windows ina mlinzi anayeitwa TDR (Timeout Detection and Recovery). Kadi ikipewa kazi ikakaa kimya kwa sekunde 2, mlinzi anaiwasha upya pamoja na draiva yake. Hapo ndipo skrini yako inapozima na kurudi. Ikishindikana kuamka, au hali hiyo ikijirudia zaidi ya mara 5 ndani ya dakika moja, inakuja skrini ya bluu uliyoitaja, namba yake 0x116. Mara nyingi itakutajia faili: nvlddmkm.sys kwa kadi za NVIDIA, igdkmd64.sys kwa Intel, na kadhalika. Watu wakiona jina hilo wanakimbilia kuilaumu draiva. Jina hilo linakwambia nani alikuwa anasubiriwa ajibu. Kwa nini hakujibu, halikwambii.

Ndiyo maana sikubaliani na jamaa yako. Kadi iliyolala haipati joto, haivuti umeme wa maana, wala haigusi sehemu kubwa ya memori yake. Pawa saplai iliyochoka ingetulia vilevile. Ni kama kumtoa mchezaji uwanjani kisha kusifia kwamba leo hachezi rafu.

Jaribio la haki ni kubadilisha draiva peke yake na kuacha kazi ileile. Pakua toleo la zamani lililokuwa linakufaa, na hilo jipya pia, kutoka kwa mtengenezaji wa kadi. Chomoa intaneti, maana Windows Update hupenda kujipachikia draiva katikati ya kazi. Ingia hali salama (Safe Mode), safisha mabaki ya draiva kwa programu ya DDU (Display Driver Uninstaller), washa kawaida, weka la zamani. Zungusha jengo lilelile. Kisha rudia yote kwa toleo jipya. Yakigoma yote mawili, iache draiva, tutazungumza umeme na joto.

Nukta
Naongezea. Kwenye Event Viewer, yaani daftari la matukio la Windows, ingia Windows Logs, System, tafuta namba 4101. Kila TDR iliyofanikiwa kuamsha kadi huandikwa pale na saa yake. Na skrini ikikwama nyeusi, bonyeza Win+Ctrl+Shift+B kabla ya kuzima kwa nguvu. Hiyo huwasha upya mfumo wa picha bila kufunga kazi zako.

Kuna watu watakushauri urefushe zile sekunde 2 kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), mpangilio uitwao TdrDelay. Baadhi ya programu za 3D zenyewe hushauri hivyo kwa kazi nzito, sawa. Ila kama kadi imekwama kweli, utakachopata ni kusubiri zaidi mbele ya skrini iliyoganda.

MchoraRamani
Asanteni sana. Basic Display Adapter nimeikuta kama ulivyosema, fundi. Zile 4101 zimejaa, zote ni saa za kuzungusha majengo. Draiva ya zamani: jengo lilelile linazunguka vizuri, joto halikufika nyuzi 75, skrini ya pili imerudi. Nikasafisha nikaweka mpya: giza, tena kabla kadi haijapata hata joto. Nikarudia ya zamani, utulivu.

Sasa nawezaje kuizuia Windows isiniwekee ile mpya?

FundiKimya
Safi, hapo sasa draiva ina kesi ya kujibu, na pesa ya kadi ibaki mfukoni.

Kama Windows yako ni Pro, fungua gpedit.msc (kihariri cha sera za Windows), nenda kwenye sera za Windows Update, washa ile ya Do not include drivers with Windows Updates. Kama ni Home, tafuta Device installation settings kwenye menyu ya Start, chagua No. Ikipenya hata hivyo, Device Manager ina kitufe cha Roll Back Driver. Usikae na toleo la zamani milele, kwa sababu draiva nazo huzibwa matundu ya usalama. Toleo linalofuata likitoka, soma orodha ya hitilafu zilizorekebishwa, kisha lijaribu kwa jengo hilohilo kabla ya kuanza kazi ya mteja.