Skrini inapoteza ishara katikati ya gemu huku feni zikivuma: ni kadi au ni umeme?

MkaziWaMigosi, Kisumu

Hamjambo ndugu zangu. Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kukutana na jambo hili, kwa maana nimeligeuza kila upande kwa wiki tatu na bado sijapata pa kulishika.

Kompyuta hii niliiunganisha mwenyewe: prosesa ni Ryzen 5 5600X, kadi ya michoro ni RTX 3070 niliyoinunua ikiwa imeshatumika, rami ni gigabaiti 16, na pawa saplai (kisanduku kinachoigawia mashine umeme) ni ya wati 550 ambayo niliihamisha kutoka kwenye kompyuta yangu ya zamani. Nikiandika au kutazama video, mashine hukaa siku nzima bila tatizo. Nikifungua gemu nzito, wakati mwingine baada ya dakika tano na wakati mwingine baada ya saa mbili, skrini huwa nyeusi na kuonyesha kwamba haipati ishara, feni za kadi huanza kuvuma kwa kasi yote, nayo sauti ya gemu huendelea kwa sekunde chache kabla ya kukwama. Hapo kibodi haiitiki tena, na hubaki kubonyeza kitufe cha kuwashia mpaka mashine izimike.

Nimeiondoa draiva (programu inayoiendesha kadi) kwa programu ya kufutia iitwayo DDU na kuiweka upya, nimebadilisha kebo ya HDMI, nimeazima skrini ya jirani, na nimeipima rami usiku kucha kwa MemTest86 bila kuona kosa. Joto la kadi halizidi nyuzi 72, hata kwa mchana wa Kisumu mnaoujua. Fundi mmoja amenieleza kwamba kadi imekufa. Kabla sijatoa pesa ambazo sina, ningependa kujua kama asemayo ni kweli.

Bondeni, Nakuru

Pole, ndugu. Mimi ningeanza na stima ya nyumba kabla ya kuilaumu kadi. Hapa Nakuru nilihangaika miezi miwili na mashine iliyokuwa ikizimika jioni, majirani wanaporudi na kuwasha majiko na pasi, na dawa yake ikawa kuiondoa kwenye ekstensheni ya bei rahisi na kuichomeka moja kwa moja ukutani. Je, unatumia yupiesi, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika? Nyingi kati ya zile ndogo zilizoandikwa VA 650 hazifiki wati 400, na kompyuta yako ikiwa katikati ya gemu, pamoja na skrini, inaweza kuukaribia mpaka huo.

Fundi wa Kakamega

Ushauri wa ndugu wa Nakuru unafaa, ila kwa ugonjwa mwingine. Yupiesi ikizidiwa, mashine yote huzimika, na skrini iliyochomekwa hapo huzimika pia. Wewe skrini yako ingali na nguvu za kukuarifu kwamba haipati ishara, na sauti inaendelea kidogo, kwa hiyo ubao mama na prosesa bado vinapata umeme. Kilichotoka kazini ni kadi peke yake, na feni zake zinakimbia kwa kasi yote kwa sababu hakuna tena kinachoziongoza.

Kadi ikitoka kazini namna hiyo, mara nyingi ama draiva imekwama, ama kadi yenyewe ni mbovu, ama volti 12 zinazoilisha zimeshuka ghafla. Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, uangalie dakika ile ya tukio. Usitishwe na Kernel-Power 41, kwa sababu hilo linasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu, na aliyeizima ni wewe kwa kitufe. Tafuta tukio 4101 lililotangulia. Kwa kawaida Windows huisubiri kadi kwa sekunde 2, isipojibu huianzisha upya draiva na kuandika namba hiyo. Ukiikuta mara kwa mara, tutazungumza habari za draiva. Usipoikuta, nina shaka kubwa na hiyo pawa saplai.

Sababu ya shaka yangu ni hii. RTX 3070 imepimwa kwa wati 220, na Nvidia wenyewe wanapendekeza pawa saplai ya wati 650. Lakini hizo 220 ni wastani. Mandhari ya gemu inapobadilika ghafla, kadi za kizazi hicho zinaweza kuvuta, kwa milisekunde chache tu, nguvu inayokaribia mara mbili ya wastani huo, na pawa saplai iliyozeeka haiwezi kuwahi kuishikilia volti. Kipimajoto hakitakuonyesha hilo kamwe, wala programu inayosoma nguvu mara moja kwa sekunde.

Nijibu jambo moja: kadi yako ina matundu mangapi ya umeme, na umeyalisha kwa kebo ngapi?

MkaziWaMigosi, Kisumu

Nashukuru sana, fundi. Nimetafuta 4101 na sikuipata hata mara moja, ila 41 zimejaa tele. Kadi ina matundu mawili ya pini 8, nami nimeyalisha kwa kebo moja yenye vichwa viwili, kwa kuwa ndiyo niliyoikuta imechomekwa. Yupiesi sina, mashine iko ukutani.

Fundi wa Kakamega

Hapo basi. Tundu la pini 8 limewekewa kiwango cha wati 150, na wewe umezibebesha nyaya za kebo moja mzigo wa yote mawili. Weka kebo mbili tofauti, moja kwa kila tundu. Tafadhali usiazime kebo ya pawa saplai ya kampuni nyingine hata kama inaingia vizuri, kwa sababu mpangilio wa pini upande wa pawa saplai haufanani, na nimeshaona diski zilizoungua kwa kosa hilo.

Kisha fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, shusha kikomo cha nguvu ya kadi hadi asilimia 70, ucheze jioni mbili tatu. Mashine ikitulia, usishangilie bado, maana kadi mbovu nayo hutulia ikipunguziwa kazi. Jaribio la kuaminika ni kuazima pawa saplai nzuri zaidi na kuirudisha kadi kwenye asilimia 100.

Ufuoni Dunga

Naongeza dogo tu. Sisi tunaokaa karibu na ziwa, wale wadudu wadogo wanaofuata taa usiku huingia hadi ndani ya pawa saplai. Ya kwangu ilikuwa imefumwa kama zulia. Ipulizie hewa kutoka nje, lakini usiifungue, kwani kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

MkaziWaMigosi, Kisumu

Narudi na majibu. Kebo mbili zilisaidia kwa siku mbili, kisha skrini ikapotea tena. Kwa asilimia 70 sikupata tatizo lolote. Ndipo nikaazima pawa saplai ya wati 750 kwa rafiki wa Kondele, pamoja na kebo zake mwenyewe, nikairudisha kadi kwenye asilimia 100 na kucheza jioni nne mfululizo bila kukatika. Niliporudisha ile yangu ya 550, ilikatika usiku huohuo wa kwanza. Nimeagiza ya 750, na kadi iliyosemwa imekufa ingali inafanya kazi. Je, hiyo ya zamani naweza kumwekea mdogo wangu kwenye kompyuta yake ya shule, isiyo na kadi ya michoro?

Fundi wa Kakamega

Mashine ya namna hiyo haivuti hata wati 150, kwa hiyo itaibeba. Hata hivyo, mimi nisingeiweka kwenye kompyuta yenye kazi zake za shule kabla hajazinakili mahali pengine.