Mdoli wa zamani wa plastiki laini ana madoa ya wino, mekundu na kijani masikioni, yanatokaje?

MamaTee_Uyole
Habarini wakuu. Nina mdoli wa mama yangu, alipewa akiwa mdogo kule Mufindi kwenye nyumba za mashamba ya chai, ni wale ambao kichwa na mikono ukiminya inabonyea ila kiwiliwili ndo kigumu. Amekaa miaka mingi kwenye sanduku la bati amefungwa kitambaa chekundu. Sasa nimemtoa, mguu wote una doa la pinki pale kitambaa kilipogusa, shavuni kuna mstari wa kalamu ya wino ya bluu, masikioni palipo na hereni pamekuwa kijani, na shingoni ana vidoa vyeusi vyeusi. Nimemuosha na sabuni ya unga, vile vyeusi vimepungua sana lakini hayo mengine hata hayajashtuka. Mama anatimiza miaka 60 mwezi wa nane nataka nimrudishie akiwa msafi. Naombeni msaada, na sitaki macho na nyusi zifutike maana zimechorwa kwa rangi.

Kabwe_Stendi
Loweka kwenye jiki usiku kucha dada, asubuhi piga stiliwaya. Imeisha hiyo.

Mkusanyaji_IR
Kamwene dada. Tafadhali sana usifanye hiyo ya jiki na stiliwaya. Jiki inaishia juujuu, doa lako halipo juu, na stiliwaya itamchubua abaki na mikwaruzo ambayo haitoki tena maisha.

Iko hivi, hiyo plastiki ni vinaili, yaani PVC, kwa asili yake ni ngumu kama bomba la maji, ili iwe laini kiwandani wanaichanganya na kilainishi cha mafutamafuta. Hicho kilainishi ndo kinavuta rangi ya kitambaa na wino kuingia ndani kabisa ya plastiki, ndo maana sabuni haifanyi kitu. Vile vyeusi vilivyopungua vilikuwa ukungu tu wa juu, endelea na maji ya vuguvugu na mswaki laini, umkaushe vizuri.

Kwa pinki na wino nenda duka la dawa ulizia krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi, zipo za asilimia 2.5, 5 na 10, kwa kazi hii chukua ya 10. Hakikisha imeandikwa hilo jina kwenye boksi, krimu nyingine za chunusi hazina. Paka juu ya doa tu, nene kidogo, funika na kipande cha nailoni isikauke, weka juani. Jioni futa, angalia, kesho rudia. Inaenda polepole, wino unaweza kuchukua hata wiki kadhaa, lakini inatoka kwa sababu dawa inaingia ndani na kuvunja rangi yenyewe. Usiipake na kumsahau, ukizidisha pale palipokuwa na doa panabaki peupe kuliko ngozi nyingine, na hiyo ni mbaya kuliko doa.

Masikio sasa. Kijani kile ni kutu ya shaba kutoka kwenye hereni. Barbie wa zamani, wale walioanza kuuzwa Marekani 1959, wana hilo tatizo mpaka wakusanyaji wote wanalijua. Toa hereni KWANZA, zikibaki unafanya kazi bure. Halafu krimu ileile, chovya ncha ya kijiti cha meno chenye pamba uingize kwenye tundu. Kijani ni kibishi, mara nyingi kinafifia tu, hakiishi chote.

Kabwe_Stendi
Na mafuta ya taa je? Au ile dawa ya kutoa rangi ya kucha? Wino unatoka hapohapo.

Mkusanyaji_IR
Mkuu ile ya kucha ina asetoni, inayeyusha vinaili palepale na nyusi zinaondoka nayo. Mafuta ya taa nayo yanaiharibu. Hapana kabisa.

Njombe_Baridi
Naongezea hapo. Akishakuwa msafi asirudi kwenye kitambaa chekundu wala gazeti, wino wa gazeti nao unahamia. Mfunge shuka la pamba jeupe lililofuliwa likasuuzwa vizuri, awekwe mahali pa baridi na giza. Usimfungie kwenye mfuko wa nailoni, kile kilainishi kikianza kutoka anakuwa ananata na vumbi lote linamganda.

Halafu kama kuna mtoto mdogo hapo nyumbani asimnyonye huyo mdoli. Vilainishi vya zamani vingi ni ftalati, Ulaya walianza kuzizuia kwenye midoli ya watoto wachanga 1999, Marekani wakaweka sheria 2008. Wa miaka hiyo ya nyuma akae kwenye kabati la mama.

MamaTee_Uyole
Asanteni sana jamani, nimeelewa. Hereni nimeshazitoa, moja ilikuwa imeshika kweli. Maswali mawili: huku Uyole saa hizi ni baridi na mawingu asubuhi, jua likichelewa itafanya kazi? Na ule mstari wa shavuni uko karibu kabisa na jicho.

Mkusanyaji_IR
Itafanya, ila taratibu zaidi. Na usimlaze juu ya bati, likipata jua la mchana linaunguza na vinaili inalegea inapoteza umbo, mweke juu ya taulo dirishani. Kwenye jicho, paka vaselini pembeni kuzunguka rangi ya jicho halafu krimu uiweke kwa kijiti juu ya mstari tu, kiasi kidogo isitiririke. Nywele zifunge na nailoni zisiguse, ile dawa inapausha, hata taulo yako chukua ya zamani.

Njombe_Baridi
Anza na mguu dada, shavu liwe la mwisho ukishaona plastiki yake inaipokeaje hiyo dawa.