Alizeti, nazi au mawese kwa kutoa asidi kwenye maji ya mabibo?

mchachushaji: Wakuu, salaam. Nina maji ya mabibo yaliyochachuka, nataka kutoa asidi yake kwa mafuta ya kupikia badala ya heksani (kiyeyusho cha petroli). Jumamosi nanunua lita 20. Nichukue yapi?

bi_kemia: Asidi gani? pH (kipimo cha uchachu) ngapi? Utaweka amini, kemikali ya kushika asidi, au mafuta matupu?

mchachushaji: Asidi ya laktiki. pH 5.5, maana nilikuwa naongeza chokaa kupunguza uchachu, bakteria wasife. Mafuta matupu.

bi_kemia: Basi shida haijafika kwenye mafuta, ndugu yangu. pKa ya laktiki, yaani pH ambayo nusu yake imegeuka chumvi, ni 3.86. Kwa pH 5.5, karibu asilimia 98 imeshakuwa chumvi, na chumvi haiingii kwenye mafuta. Ishushe chini ya 3. Hata hapo mafuta matupu yatabeba kidogo sana. Watu huyeyusha trioktilamini ndani yake, amini ndiyo inayoshikana na asidi.

mwana_kigoma: Chukua mawese! Kwetu ndiyo rahisi kupatikana.

nuru_tanga: Kaka, usithubutu mawese mabichi. Mimi nilitumia nazi ya kukamua nyumbani. Asubuhi ya baridi nikayakuta yameganda kwenye faneli, kwani chini ya nyuzi 24 hayamiminiki. Nikayapasha, yakaenda. Kisha nikaweka kostiki (magadi makali ya kutengenezea sabuni) ili asidi irudi kwenye maji, nikatikisa kwa nguvu. Ukatokea uji mweupe, hujui tabaka la juu wala la chini. Siku tatu nangoja. Nikatia chumvi, ukaachana kidogo tu. Kumbe nimepika sabuni: asidi huru za mafuta zilikutana na kostiki, na mawese mabichi yanazo tele. Kazi ya wiki mbili ilipotea, niliumia sana. Nunua alizeti iliyosafishwa, na chupa uigeuze taratibu.

mwana_kigoma: Mawese yakisafishwa hayana shida hiyo. Msiyahukumu yote.

fundi_chokaa: Kwani lazima mafuta? Ongeza chokaa, chuja kalsiamu laktati, malizia na asidi ya salfuriki.

bi_kemia: Kila tani ya laktiki inaacha karibu tani nzima ya jasi, chumvi inayotokana na chokaa na salfuriki. Ataitupa wapi?

fundi_chokaa: Chokaa ameshaiweka, dada. Akishusha pH kwa salfuriki, jasi ataipata vilevile.

bi_kemia: Hilo kweli. Faida ya mafuta ni kuitoa asidi huku bakteria wakiendelea kuizalisha, chokaa isihitajike.

nuru_tanga: Hapo amini itawadhuru bakteria. Mafuta hayana sumu, lakini ukishayatia trioktilamini usiseme mchanganyiko ni salama.

bi_kemia: Mafuta yanapunguza kiasi cha amini kinachowagusa. Bado ni afadhali kuliko heksani.

nuru_tanga: Kupunguza si kuondoa.

shamba_newala: Samahani, mabibo mnanunua? Huku msimu ukifika yanaozea chini ya mikorosho, tunabeba korosho tu.

mchachushaji: Nayahitaji sana. Yakiokotwa yanakaa siku ngapi kabla hayajaharibika?

shamba_newala: Siku moja, kesho yake yameshalainika. Ukamulie hukuhuku.